Eti kikeki cha ndizi bila chokoleti ya kopo ni cha kimaskini?

Haya wadau, leo sina salamu ndefu. Kuna neno limenikaa kooni tangu Jumamosi, na nisipolitema sitasoma.

Hapa hosteli tuna kikundi chetu, tunaoka vikeki vya ndizi (wenyewe mnaviita mafini) kwa ajili ya shughuli za watoto mtaani, ili bumu likikata tusilale njaa. Sasa mwenzetu mmoja kaja na sheria mpya: kikeki kisipotiwa ile chokoleti ya kupaka yenye hezelinati ni cha kimaskini, watoto watakisusa na wazazi watatucheka. Wengi wakaitikia. Mimi nasema hapana, na nasema hadharani.

Tuanze na kopo lenyewe. Chukua Nutella, ambayo ndiyo mama wa chokoleti hizi, usome maandishi ya nyuma. Cha kwanza ni sukari, cha pili mafuta ya mawese. Hezelinati zinazotutoa roho ni asilimia 13 tu, sukari ni zaidi ya nusu. Kijiko kimoja cha gramu 15 kina gramu 8 na ushei za sukari, na nani anampa mtoto kijiko kimoja? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayokula mtu kwa siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Kule Marekani, mwaka 2012, kampuni ilikubali kulipa kama dola milioni 3 kumaliza kesi ya walaji waliosema matangazo yaliwafanya waamini kuwa ni kifungua kinywa chenye afya. Wao wameshashtuka, sisi ndo kwanza tunaiona ni heshima.

Halafu tunaipaka juu ya nini? Juu ya kisukari! Jamani, hivi hii ndizi iliitwa kisukari kwa sababu gani?

Lakini kinachoniuma zaidi siyo sukari. Mnajua ile chokoleti ilianzaje? Baada ya Vita Kuu ya Pili kakao ilikuwa adimu Italia. Muokaji mmoja wa mji wa Alba, Pietro Ferrero, akatazama kilichojaa kwao, akaona hezelinati. Akazisaga, akachanganya na kakao kidogo aliyoipata, mwaka 1946 akaanza kuuza. Jina la Nutella likaja mwaka 1964. Yaani huyu bwana alitumia cha nyumbani kwake kwa sababu cha mbali hakikupatikana. Sisi tunaiga kopo lake, akili yake tunaiacha.

Sasa geuza macho hapa kwetu. Ndizi za Muheza na Korogwe zinashuka Mgandini kila siku. Nazi, usiseme. Iliki na mdalasini vinatoka milima ya Amani, hapo juu tu. Korosho zinaota pwani hii hii, kuanzia Tanga mpaka Mtwara. Kakao inalimwa Kyela, mkoa wa Mbeya. Kila kitu tunacho, ila korosho nyingi zinaondoka zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Mnakumbuka Novemba 2018? Wanunuzi walitaka kununua kwa bei ya chini, ikabidi Rais Magufuli aagize jeshi likakusanye korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Sisemi vikeki vyetu vingemwokoa mkulima wa Newala. Nasema taifa lisilokula korosho zake litaendelea kumngoja mtu wa mbali alipangie bei.

Najua mtasema korosho nazo ghali. Kweli. Basi tumia karanga, nani kakukataza? Mtasema watoto wanapenda chokoleti. Hata mimi naipenda! Kakao haina ugomvi na mtu. Fanya hivi: kaanga korosho au karanga bila mafuta, zisage mpaka zianze kutoa mafuta yake zenyewe, tia vijiko viwili vya kakao, sukari kidogo na tui zito. Hapo una chokoleti ya kupaka, na sukari umeipima mwenyewe. Kwenye vikeki, ponda kisukari vitatu vilivyoiva mpaka ganda jeusi, vikombe viwili vya unga, vijiko vidogo viwili vya hamira ya keki, mayai mawili, nusu kikombe cha mafuta, nusu cha tui, na iliki. Huna ovena? Makaa juu na chini, kama bibi zetu walivyooka. Ila muulize mzazi kwanza kama mtoto ana mzio wa karanga au korosho. Na hezelinati ni hivyo hivyo.

Na hapa ndipo penye hasira yangu hasa. Kuna binti wa jirani, yuko darasa la pili. Nimemwona kwa macho yangu anakula kitumbua chake kakifunika kwa kiganja, kwa sababu wenzake walikuja na vitu vya pakiti. Kitumbua, Tanga hii! Mtoto wa miaka minane ameshafundishwa kuona aibu mkono wa mama yake. Nani kamfundisha? Ni sisi wakubwa, tunaposema cha nyumbani ni cha kimaskini mbele yake.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa kikundi ni huu: oda ijayo tuoke vya korosho, tuviite vikeki vya Tanga, na tusiombe radhi kwa mtu. Mzazi anayetaka kopo aje nalo mwenyewe, tutampakia.

Nawasilisha. Mwenye hoja aje nayo jikoni, mwiko upo.