Kipimo Kitangulie Dozi

Vizazi kadhaa vya wanafunzi wa shule zetu za upili vimejifunza habari za vimeng'enya kwa mate na wanga. Mate huchanganywa na uji mwepesi wa wanga, dakika chache hupita, na iodini ikitiwa haigeuki tena rangi ya buluu iliyokoza. Jibu huandikwa daftarini, alama hutolewa, somo hufungwa. Mwalimu mwenzangu mmoja wa Ruiru, aliyelifundisha somo hilo kwa zaidi ya miaka 20, alilazimika kujifunza upya akiwa kitandani.

Alipatikana na saratani ya utumbo mpana, akapasuliwa, kisha akaandikiwa vidonge vya kapesitabini avimeze nyumbani asubuhi na jioni kwa siku 14. Ilipofika siku ya sita kinywa chake kilikuwa kidonda kitupu, hata maji hayapiti. Siku ya nane alikuwa akihara bila kukoma. Jamaa zake walipopiga simu kuuliza, walijibiwa kwamba dawa za saratani ndivyo zilivyo, avumilie amalize dozi. Tulimkimbiza Thika usiku kwa teksi, seli zake nyeupe za damu zikiwa karibu kwisha. Aliponea chupuchupu. Huko daktari mmoja kijana ndiye aliyetamka jambo ambalo hakuna miongoni mwetu aliyekuwa amelisikia, kwamba yamkini mwili wa mwalimu umepungukiwa na kimeng'enya kiitwacho DPD.

Naomba wasomaji wanivumilie nieleze, kwa kuwa uhai wa watu umo katika maelezo haya. Kapesitabini ikimezwa hugeuzwa mwilini kuwa fluorourasili, dawa iliyobuniwa mwaka 1957 na ambayo hadi leo hutumika dhidi ya saratani za utumbo, matiti, tumbo na umio. Dawa hiyo huzizuia seli zinazojigawa upesi zisiweze kutengeneza DNA. Zaidi ya asilimia 80 ya fluorourasili inayoingia mwilini huvunjwa na DPD, hasa katika ini. Kiasi kidogo kinachobaki ndicho kinachofanya kazi. Basi mtu akirithi DPD dhaifu, dozi ileile iliyokadiriwa kwa kimo na uzani wake humwingia kana kwamba ni maradufu, na seli za kinywa, za utumbo na za uboho wa mifupa huangamia pamoja na za saratani. Asiye nacho kabisa, dozi za kwanza tu zaweza kumuua.

Hili si fumbo kwa wataalamu. Mwezi wa Aprili mwaka 2020, shirika linalosimamia dawa katika Umoja wa Ulaya lilipendekeza kila mgonjwa apimwe kabla ya kuanza dawa hizi. Ufaransa ilikuwa imetangulia. Anayegunduliwa kuwa na upungufu wa kadiri huanzishiwa aghalabu nusu ya dozi, kisha huongezewa polepole akiistahimili. Ipo hata dawa ya kuokoa aliyezidiwa, uridini triasetati, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, lakini ni sharti itolewe ndani ya saa 96 tangu dozi ya mwisho. Bei yake sithubutu kuitaja mbele ya mwalimu yeyote.

Lakini hapa pana mtego, na ndio ulionishurutisha kushika kalamu. Kipimo cha jeni kilichoenea Ulaya hutafuta mabadiliko manne yaliyozoeleka kwa watu wa huko, nayo ni nadra kwa Waafrika. Mabadiliko mengine, yaitwayo Y186C, huonekana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee. Tukinunua kipimo cha Ulaya kama kilivyo, mgonjwa wa Gatundu ataambiwa yu salama kwa sababu tu ametafutiwa kasoro ya watu wengine!

Njia nyingine ni kupima kiasi cha urasili katika damu, kwani DPD ikiwa dhaifu urasili hulimbikizana, awe mgonjwa ni wa kabila lolote. Nayo ina masharti yake. Damu ikikaa kwenye joto la kawaida kiasi hicho huzidi kupanda chupani na kudanganya, hivyo yapasa ipozwe na kutenganishwa mapema. Sampuli itokayo Thika ikakwama Githurai kwenye msongamano wa magari haifai kitu.

Afrika Mashariki imewahi kupata funzo kama hili. Lapdap, dawa ya malaria iliyochanganya klorproguanili na dapsoni, na ambayo ilifanyiwa majaribio Kilifi, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu iliharibu chembe nyekundu za damu za wagonjwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Upungufu huo umeenea sana katika nchi za malaria, na ulijulikana kabla ya dawa kusambazwa. Sioni kwa nini tungoje tena.

Kati ya Ruiru na Thika pana Juja, na Juja pana Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Thika kwenyewe pana Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Vijana wanaosomea jenetiki humo wanatafuta mada za tasnifu kila mwaka. Kutafuta Y186C katika sampuli ya damu ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa maabara yenye mashine ya kuzidisha DNA. Nayo Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, hulipia matibabu ya saratani. Iongeze kipimo hiki kabla ya dozi ya kwanza, maana kumlaza mtu wiki mbili akiwa hana kinga ni ghali kuliko kumpima. Wakati huo wote kipimo kinapongojewa, kila mgonjwa apewe karatasi, kwa Kiswahili, inayosema ni dalili gani zikimpata aache vidonge siku hiyohiyo na arudi hospitalini.

Mwenzangu anaendelea na matibabu kwa nusu ya dozi, kwa uamuzi wa yule daktari kijana, na vidonda havijarudi. Bado hajapimwa jeni. Juu ya kadi yake ya kliniki ameandika DPD kwa wino mwekundu, na amewaambia dada zake wawili waandike vivyo hivyo, kwa kuwa jeni ni ya kurithi na mmoja wao tayari anatibiwa matiti.