Kupitiwa si ujinga

Ukimuuliza mwenye karakana ya watu wanne ni nani anayesimamia ubora wa bidhaa zake, mara nyingi atajigusa kifua. Ni yeye. Yeye ndiye anayeonja siagi ya karanga kabla haijamiminwa kwenye makopo, anayepapasa unga kujua kama umelainika, anayeinua gauni kwenye mwanga kutafuta mshono uliopinda. Jicho lake ni kali, na kwa ladha hana mpinzani mtaani. Ila jicho hilo huenda msibani Singida siku tatu, huugua malaria, hushinda kwenye foleni ya benki, na siku nyingine huwa limechoka tu. Mzigo unaotoka siku hizo unatoka kwa kudra.

Kwenye biashara kubwa jibu ni ajira: idara ya ubora, maabara, watu wenye makoti meupe. Mjasiriamali mdogo akisikia maneno "udhibiti wa ubora", picha inayomjia ni hiyo, na kwa kuwa hana fedha ya koti hata moja, anaona mambo hayo hayamhusu. Kosa si lake peke yake. Semina anazoalikwa zimelilea: anaondoka na kabrasha zito la nadharia, cheti cha ushiriki na soda moja tumboni.

Kiswahili kina neno ambalo wakufunzi wa semina hizo wangelitia kwenye kabrasha lao, nalo ni kupitiwa. Aliyepitiwa anaijua kazi, ameifanya mara elfu, na mara ya elfu na moja simu imeita, akaruka hatua. Kasoro nyingi za karakana ndogo huzaliwa hapo: kopo lisilo na tarehe ya mwisho wa matumizi, mfuko uliobanwa nusu, shati lenye vifungo vitano badala ya sita.

Mhandisi wa Kijapani Shigeo Shingo alikutana na jambo hilo mwaka 1961 katika kiwanda cha Yamada Electric. Wafanyakazi walikuwa wakiunganisha swichi ndogo yenye vitufe viwili, na chini ya kila kitufe ilitakiwa ikae springi moja. Mara mojamoja springi ilisahaulika, swichi ikafungwa, ikapelekwa, na mteja akaja juu. Dawa iliyokuwa ikitumika ni ileile ya Kariakoo na Gikomba: kuwafokea watu na kuwataka wawe makini. Umakini ulidumu siku chache, kisha springi zikaanza kusahaulika tena.

Shingo hakuongeza mkaguzi. Aliweka kisahani. Kabla ya kuanza swichi mpya, mfanyakazi alitoa springi mbili kwenye boksi, akaziweka kisahanini, ndipo akaunganisha. Swichi ikiisha na springi moja bado iko kwenye kisahani, kosa linaonekana papo hapo, mkononi mwa aliyelifanya, kabla halijafika kwa mtu mwingine.

Njia hiyo mwanzoni aliipa jina la Kijapani lenye maana ya kinga dhidi ya mjinga. Mwaka 1963, katika kiwanda kingine, mfanyakazi mmoja mwanamke alibubujikwa na machozi alipoelezwa maana yake: kwani yeye ni mjinga? Shingo akalibadili, likawa poka-yoke, kinga dhidi ya kosa la bahati mbaya. Angekuwa Mswahili angeiita kinga ya kupitiwa tangu siku ya kwanza.

Kisahani cha Shingo hakina hakimiliki. Anayejaza katoni ya makopo 24 ya siagi ya karanga ahesabu lebo 24 na vifuniko 24 kabla ya kuanza. Lebo ikibaki, kuna kopo limo katonini bila lebo. Fundi cherehani atoe vifungo sita na kuviweka kwenye kibakuli kabla ya kugusa shati. Mpika maandazi apime hamira, chumvi na sukari pembeni kabla unga haujaguswa na maji. Gharama yake ni kibakuli kimoja, na pengine uvumilivu wa wiki mbili hadi mikono izoee.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wasiosoma, kwamba mtu mwenye ujuzi hahitaji kuhesabiwa vifungo. Hao waelekezwe Ifakara. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali nane duniani zilijaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani yenye vipengele 19 vya kuhakikiwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji. Pamoja na hospitali za London, Seattle na Toronto ilikuwemo ya St. Francis, Ifakara. Maswali yenyewe ni mepesi hadi yanachekesha: mgonjwa huyu ni nani, anapasuliwa wapi, vitambaa na vyombo vimehesabiwa? Hospitali zote nane zikijumlishwa, vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Miongoni mwa waliokuwa wakisomewa maswali hayo walikuwemo madaktari bingwa.

Hata hivyo, visahani haviokoi mzigo ulioingia ukiwa mbovu. Mwenye nguvu ya kuweka ukaguzi mmoja tu, auweke mlangoni, pale malighafi inaposhushwa.

Unga na karanga ndizo zinazolieleza hili kwa ukali zaidi. Mwaka 2004, nchini Kenya, hasa Ukambani, watu 317 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na 125 wakafariki. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumukuvu hutokana na ukungu unaostawi kwenye nafaka isiyokauka, haina ladha ya kumshtua mlaji, na kuikaanga karanga hakuimalizi. Nafaka ikishasagwa, sumu imesambaa, punje chache zilizooza zimekuwa debe zima la unga. Ulimi mkali wa mwenye karakana hauna la kusema hapa.

Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Kipima unyevu cha kisasa kinapatikana, ila si kila mtu anakimudu. Chupa ya chumvi kila mtu anaimudu. Unachukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, unatia mahindi hadi theluthi, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unatikisa kwa nguvu dakika moja na kuiacha itulie robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na gunia hilo halifai kuhifadhiwa. Isipogandia, usishangilie bado, maana kati ya 13.5 na 15 kuna nafasi ambayo chupa haiioni, na sumu yenyewe haiipimi kabisa. Hiyo ni kazi ya maabara. Chupa ni ya kukataa magunia mabaya. Kuyakubali mazuri kunahitaji zaidi.

Kabla ya chupa kuna bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochomwa guniani na kutoka na punje za ndani. Wafanyabiashara wa nafaka wamekitumia miaka mingi kwa sababu wanajua juu ya gunia huwekwa mahindi ya kuonyesha wageni. Mnunuzi achome juu, katikati na chini. Kwa karanga, kuchambua kwa mkono kabla ya kukaanga, ukitupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, hupunguza sumukuvu kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa sumu hujikusanya kwenye punje chache. Mwenye karakana ataona anatupa hela. Ni kweli, anatupa hela.

Uzito ni rahisi zaidi, haustahili aya ndefu. Mei 16, 1924, Walter Shewhart wa kampuni ya Western Electric nchini Marekani alimwandikia mkuu wake waraka wa takriban ukurasa mmoja wenye mchoro, akionyesha namna ya kutofautisha kuyumba kwa kawaida na kuyumba kunakoletwa na sababu maalumu. Karakana inaweza kuazima wazo hilo bila hesabu ngumu: kila saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, pima mifuko mitano, andika gramu daftarini. Namba zikipanda na kushuka, ndivyo zilivyo. Zikishuka siku nne mfululizo, mizani imechoka au mkono umebadilika, na anayejua atalishughulikia kabla Wakala wa Vipimo hawajamtembelea.

Kigumu kuliko chumvi na mizani ni swali hili: bosi akiwa Singida, nani ana ruhusa ya kulirudisha gunia? Msaidizi anayelipwa kwa idadi ya mifuko anajua mashine ikisimama chakula chake kimesimama. Akimkatalia dereva wa mahindi na bosi akarudi akilalamika kwamba oda imechelewa, hatakataa tena. Atafumba macho, na hapo asiitwe mzembe. Amefundishwa. Wenye karakana wanaolipa kwa idadi kisha kulaumu ubora wanajisumbua. Wangelipa siku ya kurudisha gunia sawa na siku ya kusaga, na kuliandika hilo ukutani chini ya maelekezo ya chupa ya chumvi, ili msaidizi aweze kumwonyesha dereva mkali bila kubishana naye.

Alama ya ubora ya TBS nchini Tanzania au ya KEBS nchini Kenya inabaki na thamani yake, na wajasiriamali wadogo wa Tanzania wanaopitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana njia ya kuifikia. Lakini alama husimama juu ya sampuli na ziara za wakaguzi. Haikai karakanani kila Jumanne. Afisa anapofika huomba cheti, hutazama sakafu, huuliza kuhusu vyoo, na anafanya sawa. Angeomba pia daftari la mwezi uliopita, akatafuta siku ambayo mwenyewe hakuwepo, akasoma nani alichoma bambo, magunia mangapi yalirudishwa, na ile mifuko mitano ya saa nne ilikuwa na gramu ngapi.