Mnunulie laptopu, lakini ikumbuke shingo yake
Kijana wako akikuomba laptopu ya bei nafuu ili acheze The Sims 4, usifikirie bei peke yake. Mchezo huo wa kuigiza maisha ulianza kutolewa bila malipo mwaka wa 2022, nao hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Laptopu iliyotumika, mradi ni nzima, yatosha. Kwa pesa zitakazosalia, nunua kibodi ya kando na kipanya. Kioo cha laptopu kimeshikana na kibodi yake, hivyo mchezaji huinama kwa saa nyingi hadi shingo na mabega yamuume. Iinue juu ya vitabu, kioo kilingane na macho. Dawa za maumivu hazitamfaa anayerudi kuinama vilevile.