Atomu si ya Kukaririwa

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilizunguka shule nyingi kukagua mazoezi ya kufundisha, na utetezi niliousikia ulikuwa mmoja: shule haina maabara, kwa hiyo viwango vya nishati vya elektroni wanafunzi watanakili ubaoni. Nasema waziwazi kwamba huo ni uvivu uliovikwa kanzu ya umaskini. Mchagua jembe si mkulima.

Hebu tuhesabu kinachohitajika: chaki, rula, kipande cha ubao na gololi. Chora ukutani, karibu na sakafu, mstari wa kwanza. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha elektroni katika atomu ya haidrojeni. Kila elektronivolti 1 iwe sentimita 10. Mstari wa pili utakuwa sentimita 102 juu ya wa kwanza. Wa tatu sentimita 18.9 juu ya wa pili. Wa nne sentimita 6.6 tu juu ya wa tatu. Elektroni ikifikishwa sentimita 136, imekwisha kuiaga atomu. Hapo mtoto anaona mwenyewe kwamba ngazi hii haina vipandio vilivyo sawa, kinyume na zile duara za vitabuni zilizopangwa kama maganda ya kitunguu.

Sasa mmoja ashike ubao kwenye mstari wa pili, mwingine aangushe gololi kutoka wa tatu, kisha kutoka wa nne. Kishindo kinazidi. Anguko la kwanza ndilo mwanga mwekundu wa haidrojeni. La pili ni wa buluu-kijani. Na katikati ya mistari elektroni haina pa kutua. Hilo ndilo wazo alilolitoa Niels Bohr mwaka 1913.

Anayetaka kuiona rangi yenyewe alowanishe waya safi, auchovye katika chumvi ya jikoni, kisha auingize katika mwali wa buluu wa spiriti au jiko la gesi. Mwali utageuka manjano. Kwa mrututu utakuwa kijani, ila mikono inawe, maana mrututu ni sumu. Kibatari hakifai, kwa kuwa mwali wake tayari ni wa manjano. Kwa kuchunguza rangi za miali, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waligundua elementi mbili mpya, mwaka 1860 na 1861.

Wapo watakaonijibu kwamba gololi si elektroni. Naam, si elektroni. Gololi yaweza kuangushwa kutoka kimo chochote, elektroni ndani ya atomu haiwezi. Basi waulize wanafunzi kielelezo kinakwama wapi. Wakijibu, wamejifunza sayansi.

Mtoto aliyenakili bila kuona ndiye mwalimu wa kesho, naye atawanakilisha wenzake. Mnyororo huo hautakatwa na maabara zinazosubiriwa. Utakatwa na mwalimu mmoja mwenye kipande cha chaki.