Mtoto aliyeumizwa na dawa tumboni si wa mama yake peke yake

Siku moja katika kikutano cha wamama, mama mmoja alisimama akiwa amebeba mtoto wa miaka minne asiyetembea wala kusema. Aliomba tumwombee. Nyuma yangu nikasikia watu wakinong'ona: "Ni mambo ya ukoo wao." Baadaye, tulipokaa naye, alitueleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: kabla ya mimba na wakati wote wa mimba alikuwa akimeza valproati, dawa ya kifafa inayojulikana kwa jina la Dépakine.

Si kazi ya mchungaji kusema kwamba dawa ndiyo iliyomwumiza mtoto huyo. Daktari ndiye atakayepima. Lakini hatari yenyewe inajulikana. Kati ya watoto 10 waliopata dawa hii tumboni, karibu 1 huzaliwa na ulemavu wa mwili, kama mgongo wazi au kasoro ya moyo, na 3 au 4 huchelewa kutembea, kusema au kujifunza. Viungo huumizwa katika majuma ya kwanza, mama akiwa bado hajajua kwamba ana mimba. Ndiyo sababu mwaka 2023 OMS ilishauri valproati isianzishwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kuzaa.

Ufaransa, ambako dawa hii ilianza kuuzwa mwaka 1967, wazazi waliteseka kwa miaka mingi, kila nyumba ikidhani iko peke yake. Mwaka 2011 mama mmoja, Marine Martin, alianzisha chama cha familia hizo, APESAC. Walipokutana waliona kwamba habari zao zinafanana. Baada ya kudai kwa muda mrefu, serikali ilianzisha mfuko wa fidia mwaka 2017. Msaada ule ulianza na wazazi waliokaa pamoja na kusema ukweli.

Kwetu mzigo ni mzito zaidi. Dawa hununuliwa famasi bila karatasi ya daktari. Kanyabayonga ilipoanguka Juni 2024, watu wengi walikimbilia upande wa Lubero na Butembo. Mtu anayekimbia huacha hata kitabu chake cha matibabu, na hununua dawa yoyote anayoikuta. Tunayo sheria ya Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, lakini mama aliye kambini bado hajaiona ikigeuka kuwa kiti cha magurudumu.

Basi kanisa lifanye nini? Kwanza, tuache kutafuta mwenye kosa. Katika Yohana 9 wanafunzi walitaka kujua kosa ni la nani. Yesu alikataa njia hiyo, akamhudumia yule kipofu. Tumwulize mama alimeza dawa gani, tuandike jina lake, tumsindikize hospitali.

Pili, wazazi wa watoto hawa wakutanishwe katika kila parokia. AVEC zetu hukopesha wamama mtaji wa biashara. Zinaweza pia kuwa na kisanduku cha nauli ya kumpeleka mtoto kwenye mazoezi ya viungo. Shule zetu zisimrudishe mtoto anayejifunza polepole.

Tatu, tuchunge midomo yetu madhabahuni. Mtu asisikie habari hii akatupa vidonge vyake, wala mchungaji asimwambie kwamba imani inatosha. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta mishtuko inayoua mama na mtoto. Anayetaka kuzaa amwone daktari mapema, kabla ya mimba, ili aangaliwe kama dawa inaweza kubadilishwa, na apewe asidi ya foliki. Hata Gardenal, ambayo wengi huitumia kwa kuwa ni ya bei nafuu, ina hatari yake kwa mimba.

Jumapili iliyofuata wamama wawili waliketi kando ya yule mama, wakapokezana kumbeba mtoto hadi mwisho wa ibada. Tuanzie hapo. Bwana atusaidie.