Hodi Isiyongoja Karibu

Desturi ya kwetu yajulikana na kila mtoto. Mgeni afikapo mlangoni hupiga hodi, akangoja. Akiitikiwa karibu huingia. Akipiga hodi mara tatu pasipo jibu hurudi zake, wala hana haki ya kununa. Katika desturi hiyo ndogo mna sheria kubwa: hodi haina maana ila mwenye nyumba awe na uwezo wa kukataa. Mgeni apigaye hodi huku mguu wake umekwisha kuvuka kizingiti hakuomba ruhusa. Ametoa habari tu ya kuingia kwake. Nadai ya kuwa mikataba tunayotiwa na wenye huduma za ujumbe katika simu ni hodi ya namna hii, na kuwa haistahili kuitwa mikataba.

Natutazame WhatsApp, ambayo wengi wetu twaitumia kila siku. Ilianzishwa Marekani mwaka 2009, na mwaka 2014 ikanunuliwa na Facebook, kampuni ambayo tangu 2021 huitwa Meta. Agosti 2016 masharti yalibadilishwa ili habari za watumiaji, pamoja na nambari zao za simu, zifike kwa Facebook. Waliokuwamo walipewa siku 30 za kukataa habari zao zisitumiwe kwa ajili ya matangazo. Zilipokwisha, mlango wa kukataa ukafungwa. Januari 2021 likaja tangazo jingine: kubali kabla ya tarehe 8 Februari, ama huduma itakoma. Kampuni ilieleza kuwa lililobadilika hasa ni mazungumzo baina ya watu na wafanya biashara. Na iwe hivyo. Walakini maelezo hayo yaliwafunulia wengi kwamba jambo waliloliogopa mwaka 2021 lilikuwa limekwisha tendeka tangu 2016, nao waliliidhinisha kwa kugusa neno moja kwa kidole.

Watetezi wa mikataba hii wana hoja tatu. Ya kwanza husema: hakuna aliyelazimishwa, asiyetaka na aache. Hoja hii yasahau kuwa huduma ya ujumbe thamani yake ni watu waliomo. Mwanafunzi ambaye saa za mihadhara yake hutangazwa humo, mama ambaye michango ya maziko ya ukoo hukusanywa kwa habari za humo, fundi ambaye wateja wake humwita kwa njia hiyo, wataacha vipi? Njia nyingine zipo, ni kweli. Lakini mtu hawezi kuhama na jamaa zake wote mfukoni. Ridhaa itolewayo kwa kuogopa kutengwa na watu ina jina moja na ridhaa ya kweli, na hapo ndipo udugu wao unapokoma.

Hoja ya pili husema: ujumbe wetu umefungwa. Naam, tangu Aprili 2016 kila ujumbe hugeuzwa fumbo ambalo mwandishi na mwandikiwa peke yao huweza kulifumbua. Jambo hili ni jema na lastahili sifa. Lakini barua ina bahasha pia. Masharti yenyewe yasema kuwa kampuni hukusanya habari za namna mtu atumiavyo huduma, ni wakati gani, mara ngapi na kwa muda gani. Aina ya simu yake. Na hata mahali alipo kwa kukadiria. Tarishi asiyefungua barua, bali huandika daftarini saa za kutoka na kurudi kwako, hajakuibia neno hata moja. Hata hivyo amekujua.

Hoja ya tatu hutoka kwetu wenyewe: mimi sina siri, niogope nini? Pazia la mlangoni halitundikwi na wezi peke yao. Tena, anayesema hivyo hajisemei nafsi yake tu. Akiruhusu orodha ya nambari katika simu yake isomwe, ametoa nambari za shangazi yake, daktari wake na mwalimu wake, ambao hawakuulizwa. Septemba 2021 mamlaka ya Ireland iliitoza WhatsApp faini ya euro milioni 225 kwa kutoeleza vya kutosha jinsi habari za watu zinavyotumiwa. Na katika watu hao walihesabiwa hata wale wasioitumia huduma. Ni nani aliyetupa wakala wa kuwakubalia?

Husemwa ya kuwa sisi ni wadogo mbele ya kampuni kubwa kama hii. Mambo yaliyotokea yakanusha usemi huo. Makelele ya mwaka 2021 yaliisogeza tarehe hadi 15 Mei, kisha tishio la kuwapunguzia huduma wasiokubali likaondolewa. Julai 2024 tume ya Nijeria ya kulinda ushindani na walaji iliitoza Meta dola milioni 220, ikisema Wanijeria walibaguliwa na kutwishwa masharti. Na Aprili 2025 baraza la rufaa likaithibitisha hukumu hiyo. Sheria nasi tunazo: Kenya na Uganda tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Sheria ya Kenya yataka ridhaa iwe dhahiri, ya hiari, na ya mtu aliyeelezwa jambo analoliridhia. Lililobaki ni kuidai.

Wajibu huu wawaangukia kwanza watu wa vyuo. Wanasheria na wanafunzi wa lugha nawaketi pamoja, wayaandike masharti hayo kwa Kiswahili ambacho muuza samaki atakisoma akakielewa. Vyuo visiifanye huduma ya kampuni moja kuwa mlango pekee wa elimu. Na wenye mamlaka waamuru kuwa kila ombi liulizwe peke yake, na kwamba anayekataa kutoa habari zake kwa matangazo asinyimwe kuzungumza na mama yake. Hapo mgeni atakapopiga hodi tutamwitikia kwa moyo mweupe, kwa sababu tutakuwa na uwezo wa kunyamaza, naye atalazimika kurudi zake.