Staa wetu, yule kaka wa mgongoni mbona umemkropu?

Wadau, wiki nzima mjini stori ni moja. Staa wetu mmoja wa kike, jina kapuni, karudi kutoka Dubai na klipu ya kuruka kutoka kwenye ndege. Chini kinaonekana kile kisiwa chenye umbo la mtende, nywele zinapepea, lipstiki haijatoka hata kidogo. Kapsheni inasema karuka mwenyewe, na kwamba woga ndio unaotubakiza wengine Mbagala. Mimi nakaa Mbagala, kwa hiyo nimeguswa.

Sina chuki naye. Klipu ni kali na pesa ni yake. Ila nimeirudia mara tatu. Mgongoni hana begi. Sasa anayeruka mwenyewe parachuti kaibeba wapi, kwenye pochi? Halafu kuna sehemu unapita mkono wenye kidude kama saa kubwa, kile cha kusoma umebaki urefu gani kufika chini. Mkono ule si wake, maana wake una kucha za hatari.

Hiyo jamani inaitwa tandemu. Unafungwa kwa mikanda kifuani mwa mwalimu, yeye ndiye kabeba parachuti, kubwa na ya akiba, zote mgongoni kwake. Mnatoka kwenye ndege mkiwa kama mita 4,000 juu, mnaanguka kama dakika moja hivi, kasi karibu kilomita 200 kwa saa. Na hapo mwalimu keshaachia kiparachuti kidogo cha kuwapunguza mwendo, maana uzito wa watu wawili ungewapeleka kasi zaidi. Yeye anaangalia urefu, anafungua, anaongoza, anatua. Wewe kazi yako ni kuupinda mwili kama ndizi, kunyanyua miguu mkikaribia chini, na kupiga kelele. Basi.

Kuna ubaya? Hakuna. Moyo unahitajika hata kukaa tu pale mlangoni. Lakini ni abiria. Mimi nikipanda ndege kwenda Mwanza siposti kwamba nimerusha ndege.

Wanaojifunza kweli wana njia yao. Unakaa darasani nusu siku au siku nzima, unavaa parachuti yako, na mruko wa kwanza walimu wawili wanakushika huku na huku, lakini wa kuvuta ni wewe. Ukifanya vizuri anabaki mmoja, baadaye unaachwa. Kwa kanuni za chama cha warukaji cha Marekani, leseni ya kwanza kabisa inataka miruko 25. Kuna na ile ya kamba iliyofungwa kwenye ndege, ukitoka tu inakuvutia parachuti, wanaruka chini zaidi na huanguki muda mrefu. Ndiyo ya askari wa miavuli. Wale nao sijawahi kuona wakituita waoga.

Juu ya hapo ndiyo kuna mambo yenyewe. Wapo wanaoshikana mikono hewani wakachora maumbo. Wapo wanaoanguka kichwa chini, kasi inapita kilomita 250 kwa saa. Wapo wa suti ya mabawa, wale wanaofanana na popo, na hapo kanuni hizo hizo zinataka uwe umeruka mara 200 kabla hujaivaa. Wa kuruka kutoka kwenye majengo, madaraja na magenge siwazungumzii sana, kule hata muda wa kufungua ya akiba huna.

Mwaka 2016 Mmarekani anaitwa Luke Aikins aliruka kutoka mita zaidi ya 7,000 bila parachuti kabisa, akatua kwenye wavu. Alikuwa na miruko zaidi ya 18,000 nyuma yake. Huyo akijimwambafai nanyamaza.

(Kuna staa mwingine, wa kiume huyu, yeye hata ndege hakupanda. Kaelea kwenye lile bomba la kioo lenye feni kubwa chini, kakropu kioo, kaandika "mawinguni". Tumuache.)

Mngesema nina wivu, na pengine kidogo nnao. Kilichoniinua kitandani ni komenti moja chini ya ile klipu. Dada mmoja kaandika kwamba anachukua mkopo, na tunajua mikopo ya mjini siku hizi, kausha damu tupu, aende Dubai kwenye bethidei yake akaruke mwenyewe kama staa, kwa sababu kaona ni maelezo ya dakika kumi tu. Staa kamjibu kwa emoji ya moto. Moto! Hakumwambia kuna mwalimu, hakumwambia sehemu nyingi kuna kikomo cha uzito na wanakupima siku ile ile. Hakumwambia kwamba yule mwalimu, kwa kanuni za Marekani, lazima awe na miruko isiyopungua 500 na miaka mitatu kwenye mchezo ndipo apewe kufunga mtu kifuani.

Yule kaka kabeba roho ya staa wetu kutoka angani mpaka mchangani, halafu kwenye klipu kabaki mkono. Mpiga picha wa harusi anatagiwa. Aliyebandika kucha katagiwa. Hata gauni la kuazima limetagiwa!

Dada wa komenti, kama unasoma, usikope. Tandemu ipo hata Diani, pwani ya Kenya, unaruka unaona bahari ya kwetu hii hii. Ukitokea Tanga unavuka mpaka wa Horohoro, unafika kwa barabara. Sio bure na sio bei ya daladala, lakini tiketi ya Dubai na hoteli umeviruka. Changa taratibu, bethidei zinarudi kila mwaka.

Staa nilimwandikia kwenye komenti, kwa heshima kabisa, nikamuuliza mwalimu wake anaitwa nani tumfolo. Kanibloku. Nyie ambao bado mnamuona, hebu niambieni hapo chini kama kajibu.